Uchambuzi wa kisa: Mzigo uliohama ndani ya feri usiku, Bahari ya Kaskazini

Kisa hiki ni cha lori moja lililovuka kutoka bandari ya Uholanzi kwenda kaskazini-mashariki mwa Uingereza kwa feri ya usiku. Majina ya kampuni, meli, bandari na watu yameondolewa, pamoja na tarehe. Vipimo, uzito, saa na mpangilio wa mzigo vimeachwa jinsi vilivyokuwa, kwa sababu somo lote liko humo.

Usuli

Lori lilikuwa kichwa cha ekseli mbili na trela la mapazia (lenye ubavu wa turubai) la ekseli tatu, urefu wa sakafu mita 13.6, upana wa ndani mita 2.48. Mzigo ulikuwa chembe za plastiki za kiwandani, zile punje za milimita 3 hivi zinazoyeyushwa kutengenezea vyombo na mabomba. Zimefungashwa katika mifuko ya kilo 25, tabaka 11 za mifuko mitano mitano, yaani mifuko 55 na kilo 1,375 kwa kila paleti. Ukiongeza mbao ya paleti na nailoni inayoivika, kila moja ilifika kilo 1,395. Paleti zilikuwa 18, jumla kilo 25,110. Lori zima na mzigo wake halikufika tani 40.

Dereva alikuwa mzoefu wa barabara za bara la Ulaya, lakini safari zake za feri zilikuwa nyingi za saa moja na nusu, zile za mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Njia hii ya saa 13 aliipita mara chache, na kamwe si katika majira ya dhoruba. Utabiri wa usiku ule ulikuwa upepo wa nguvu ya 9 kwa kipimo cha Bofoti, fundo 41 hadi 47, ukitokea kaskazini-mashariki. Kwa njia ile maana yake ni mawimbi kuipiga meli ubavuni sehemu kubwa ya safari.

Mzigo ulivyopangwa na kufungwa

Wapakiaji wa kiwanda ndio waliopanga paleti. Dereva hakuruhusiwa kukaa kwenye gati la kupakilia. Alisubiri ndani ya kichwa mpaka alipoitwa kufunga mikanda. Alikuta paleti zimekaa safu tisa za mbili mbili, upana wa mita 1.10 kila moja zikielekea ubavuni na urefu wa mita 1.30 ukifuata trela. Mbele ziliachwa sentimita 90, zikajazwa paleti tupu zilizosimamishwa wima hadi ukuta wa mbele. Hiyo ilikuwa kazi nzuri. Zingesogezwa hadi ukutani, uzito ungeangukia pini ya trela na ekseli ya nyuma ya kichwa ingezidi kiwango.

Upande wa upana ndipo palipokuwa na kasoro. Paleti mbili za mita 1.10 ni mita 2.20, na sakafu ni mita 2.48. Sentimita 28 zilibaki wazi. Paleti zilipangwa katikati, sentimita 14 kila upande, bila kitu chochote kati yake na pazia.

Dereva alipitisha mkanda mmoja juu ya kila safu, jumla tisa. Mikanda ilikuwa mizima, yenye vikaza vya mpini mrefu, lebo zikisomeka LC 2,500 daN (nguvu ambayo mkanda unaweza kuhimili ukivutwa) na STF 500 daN (mkazo unaobaki kwenye mkanda baada ya kukazwa kwa mkono); daN 1 ni karibu uzito wa kilo moja. Aliweka kona za plastiki chini ya mikanda. Hakuweka mikeka ya mpira chini ya paleti. Ilikuwamo sandukuni, ila paleti zilishapakiwa na hakuna foklifti iliyobaki ya kuziinua. Sakafu nayo haikuwa imefagiliwa. Shehena iliyotangulia ilikuwa ya bidhaa ileile, na chembe zilizomwagika zilibaki kwenye mifereji ya mbao za sakafu.

Turubai liliposhushwa lilitiwa sili, na namba yake ikaandikwa kwenye hati ya usafirishaji ya CMR. Kisanduku namba 18, ambacho ni cha mchukuzi kuandika shaka zake kuhusu mzigo, kiliachwa tupu.

Mfululizo wa matukio

Dereva alianza kazi saa 1:00 asubuhi. Mnamo saa 5:20 askari wa barabarani walimsimamisha, wakahesabu mikanda kutoka upande wa nyuma, wakasoma lebo, wakamruhusu kuendelea. Aliingia bandarini saa 10:30 jioni na kuanza mapumziko yake ya siku saa 10:50. Kupanda melini kulikatiza mapumziko hayo kwa dakika 20, kuanzia saa 12:45.

Trela lilielekezwa sitaha ya juu iliyofunikwa, karibu na omo (mbele ya meli), mkono wa kushoto, na trela jingine likawekwa ubavuni mwake kwa nafasi ya nusu mita. Dereva alivuta hendibreki, akaacha gia ndani, akazima injini, akachukua mkoba wenye karatasi zake, akapanda kwenda kwenye foleni ya vyumba. Springi za hewa za trela aliziacha zikiwa kwenye kimo cha barabarani. Mabaharia walikuja nyuma yake na minyororo. Mkono wa kulia walipata pete zote nne za kufungia. Mkono wa kushoto walipata tatu. Ya nne ilikuwa nyuma ya sanduku la kubebea paleti na ndoano haikuifikia, kwa hiyo mnyororo wa nne haukufungwa.

Meli iling'oa nanga saa 2:00 usiku. Hadi saa 5:00 hakukuwa na tatizo. Kuanzia saa 5:30 meli ilianza kwenda mrama kwa nguvu, na kufikia saa 7:30 ilikuwa ikilala nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Mnamo saa 7:40 wimbi moja kubwa liliilaza zaidi ya hapo.

Saa 8:00 baharia wa doria ya moto alipita sitaha ile na kuona pazia la kushoto la trela limefura. Alipomulika tochi aliona chembe nyeupe zinatiririka kutoka ukingo wa chini wa turubai hadi kwenye bamba la sitaha, na akasikia mnyororo unagonga chuma kila meli ilipolala. Mnyororo uliokazwa hautoi sauti. Hakuingia kati ya matrela. Alirudi mlangoni na kupiga simu daraja la nahodha.

Saa 8:10 dereva aliamshwa. Maswali yalikuwa matatu: ni mzigo gani, una uzito gani, na ni wa hatari au la. Alikuwa na nakala ya CMR chumbani, akajibu yote ndani ya dakika mbili. Aliomba ashuke akakaze mikanda, alikataliwa. Nahodha aligeuza omo karibu na upepo na kupunguza mwendo kutoka fundo 20 hadi 12. Mrama ulipopungua, mabaharia wanne walishuka na ofisa wao. Walikaza upya minyororo iliyolegea, wakaongeza minne, miwili kati yake ikipita kwenye fremu ya trela kwa sababu pete hazikutosha, wakashusha matairi chakavu kati ya matrela mawili ili yasisagane. Kazi ilikwisha saa 8:50, na saa 8:55 dereva aliruhusiwa kurudi kulala.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kusafiri usiku ule ulikuwa wa ofisi ya mchukuzi. Kampuni ya feri ilikuwa imetuma onyo la hali ya hewa mchana na kuruhusu wateja kuhamia safari ya kesho bila malipo ya ziada. Ofisi haikuhama, kwa sababu miadi ya kupakua ilikuwa mchana uliofuata na, kwa maneno ya mpangaji wa safari, meli ikiondoka basi ni salama. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Nahodha huamua kama meli inaweza kuhimili bahari. Hajui paleti zilizo nyuma ya turubai zimefungwa vipi, na hana njia ya kujua.

Uamuzi wa mikanda tisa ulitokana na desturi: kila safu na mkanda wake. Ni desturi njema ya barabarani na dereva aliifuata kikamilifu. Mikeka aliiacha kwa kuwa kuiweka kungemaanisha kupakua trela lote, na mpakiaji alishamwita lori linalofuata.

Kuhusu springi za hewa, dereva alieleza kwamba kwenye feri za saa moja na nusu hakuna aliyewahi kumwambia azishushe. Mabaharia nao hawakumwuliza. Walifunga trela jinsi walivyolikuta.

Kumkatalia dereva kushuka sitahani ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, na unastahili kusemwa kwa sababu madereva wengi huuona kama dharau. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinakataza abiria kuingia sitaha zilizofungwa za magari meli ikiwa safarini, isipokuwa kwa ruhusa ya nahodha au ofisa aliyepewa dhamana. Tarehe 18 Desemba 2018 malori kadhaa yalipinduka ndani ya feri European Causeway ikivuka kati ya Larne (Ireland ya Kaskazini) na Cairnryan (Uskoti) katika bahari chafu, na baadhi ya madereva walikuwa wamebaki ndani ya vichwa vyao. Mtu anayesimama kati ya trela lililoinama na jirani yake hana pa kukimbilia.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Meli ilifika saa 5:30 asubuhi, imechelewa saa mbili na nusu. Safu nne, ya tatu hadi ya sita kutoka mbele, zilikuwa zimehamia kushoto hadi kwenye pazia, na paleti nne za mkono huo ziliinama na kulilalia. Mifuko 61 ilipasuka, kilo 1,525. Trela la jirani lilipoteza taa za ubavuni na kukwaruzwa turubai.

Mapazia hayakufunguliwa melini. Trekta la bandari lililivuta trela taratibu hadi eneo la wazi, na dereva akatoa kichwa peke yake. Baada ya kupata ruhusa ya forodha sili ilikatwa, kisha pazia la kulia likafunguliwa kwanza, upande ambao mzigo haukuwa umeegemea. Hatua hii haina mbadala. Anayefungua pazia lililofura anajifungulia paleti ya karibu tani moja na nusu juu ya kichwa chake. Foklifti iliondoa paleti za kulia moja moja, halafu zile zilizoinama zikavutwa kutoka ndani kwenda kulia. Pazia la kushoto lilifunguliwa mwishoni, likiwa halibebi kitu. Kazi ilianza saa 6:30 mchana ikaisha saa 10:30 jioni. Sili mpya ikatiwa, na namba yake kuandikwa kwenye CMR chini ya ile ya zamani.

Mapumziko ya dereva yaliingia dosari isiyotarajiwa. Kanuni ya Ulaya namba 561/2006 inamruhusu dereva aliye kwenye feri kukatiza mapumziko ya saa 11 mara mbili, jumla isizidi saa moja, mradi ana kitanda. Kupanda melini kulikula dakika 20 na kuamshwa usiku kulikula 45. Jumla ni dakika 65. Ofisi iliamua kuzihesabu zote na kuanza saa 11 upya kuanzia saa 8:55 usiku, na dereva akachapisha karatasi ya takografu, kifaa kinachorekodi saa za kazi na mapumziko, na kuandika sababu nyuma yake. Aliondoka bandarini saa 11:00 jioni akiwa amekamilisha mapumziko. Angeweza kubishana kwamba kujibu maswali si kazi, lakini dereva aliyelala vipande vipande usiku wa dhoruba hafai kupelekwa barabarani kwa hoja ya dakika tano.

Uchambuzi: hesabu ambayo hakuna aliyeifanya

Barabarani, vipimo vinavyotumika Ulaya vinachukulia kwamba mzigo unaweza kusukumwa ubavuni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wake. Baharini inategemea eneo. Mwongozo wa kimataifa wa upakiaji, unaoitwa CTU Code, unagawa bahari kwa kimo cha mawimbi. Baltiki iko katika kundi la chini, na msukumo wa ubavuni ni 0.5, sawa na barabara. Bahari ya Kaskazini iko kundi la kati, 0.7. Bahari kuu zisizo na mpaka ni 0.8. Dereva anayetoka Baltiki kwenda Kaskazini huona feri ileile, minyororo ileile na kantini ileile, lakini anapaswa kufunga mzigo kwa nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 40.

Tuweke namba. Kilo 25,110 zina uzito wa daN 24,630 hivi. Paleti ya mbao juu ya sakafu ya plaiwudi ina msuguano wa 0.45, yaani sakafu yenyewe inashika daN 11,085. Barabarani msukumo ni daN 12,315. Pengo ni daN 1,230, na ukiongeza asilimia 10 ya usalama ni 1,355. Mkanda unaopita juu haushiki mzigo kwa nguvu ya LC, kosa linalofanywa kila siku na watu wanaosoma namba kubwa kwenye lebo. Kazi yake ni kuukandamiza mzigo chini, na unakandamiza kwa STF tu: daN 500 kila upande, jumla 1,000, mara msuguano 0.45, unapata 450. Kwa hiyo mikanda minne inatosha barabarani. Mikanda tisa ilikuwa zaidi ya maradufu, na ndiyo maana askari hawakuwa na neno.

Baharini msukumo unakuwa daN 17,240. Pengo linaruka hadi 6,160, na kwa nyongeza ya usalama 6,775. Gawa kwa 450: mikanda 16. Iliyokuwapo ni tisa.

Sasa weka mikeka ya mpira, yenye msuguano wa 0.6. Sakafu inashika daN 14,780, kila mkanda unaongeza 600 badala ya 450, na mikanda mitano inatosha. Mikeka iliyobaki sandukuni ilikuwa na thamani ya mikanda 11.

Mawimbi ya usiku ule hayakufika kimo ambacho 0.7 imekusudiwa. Meli ikilala nyuzi 20, mteremko peke yake unasukuma 0.34 tu ya uzito. Kinachobaki huletwa na kasi ya kubembea, ambayo ni kubwa zaidi kadiri unavyopanda sitaha za juu na kusogea omo au tezi (nyuma ya meli). Kwa nini basi mikanda tisa ilishindwa? Kwa sababu 0.45 ni ya sakafu iliyofagiliwa, na hii ilikuwa na chembe. Punje ngumu ya milimita 3 chini ya ubao wa paleti hufanya kazi ya gololi. Chini ya safu ya nne zilikutwa punje zimesagika kuwa unga na kuacha michirizi iliyonyooka kwenye sakafu, yote kutoka kulia kwenda kushoto. Pia mikanda ilikuwa imelegea. Mifuko ya chembe hushikilia hewa, na mtikisiko wa barabara huishusha. Tangu kiwandani hadi bandarini rundo lilishuka sentimita mbili tatu, na hakuna aliyekaza tena kabla ya kupanda meli. Mikanda ya safu ya tano na sita ilikuwa inasogezwa kwa kidole.

Uchambuzi: nafasi ya ubavuni na cheti cha trela

Trela lilikuwa na cheti cha XL, kinachomaanisha ubavu wake umepimwa kuhimili asilimia 40 ya uzito unaoruhusiwa kubebwa. Mpangaji wa safari alikitaja cheti hiki kama ushahidi kwamba mzigo ulikuwa salama hata bila mikanda. Lakini cheti cha namna hiyo kinasimama pale mzigo unapojaza upana. Ukiuacha na nafasi, hausukumi pazia, unaligonga. Paleti ilipata sentimita 14 za kushika kasi kabla ya kukutana na mbao za ubavuni. Mwongozo wa CTU unataka nafasi zote za mlalo zikijumlishwa zisizidi sentimita 15. Hapa zilikuwa 28. Cheti pia kilipimwa kwa misukumo ya barabara.

Kuna jambo la kupinduka pia, ambalo husahaulika watu wakishughulika na kuteleza. Rundo lilikuwa na kimo cha mita 1.80 na upana wa mita 1.10, kitovu cha uzito katikati. Nusu ya upana ni 0.55, nusu ya kimo ni 0.90, uwiano wake ni 0.61. Kwa msukumo wa 0.5 paleti moja inasimama yenyewe. Kwa 0.7 inapinduka yenyewe, hata sakafu ingekuwa na gundi. Dawa ni kuzifunga paleti mbili za safu kwa mkanda wa mlalo unaozizunguka, zigeuke kitu kimoja chenye upana wa mita 2.20, ambacho hakipinduki kwa msukumo wowote wa meli ya kawaida.

Uchambuzi: springi za hewa

Hili ndilo kosa dogo kuliko yote kwa kazi iliyohitajika, sekunde 20 kwenye valvu, na huenda ndilo lililogharimu zaidi. Mabaharia walikaza minyororo trela likiwa limeinuliwa. Usiku hewa ikavuja taratibu, kama inavyovuja kwenye trela lolote lililokaa saa nyingi bila injini, na fremu ikashuka sentimita sita. Mnyororo uliofungwa kwa pembe ya nyuzi 45 hupoteza hapo zaidi ya sentimita nne za mkazo. Trela likapata uhuru wa kubembea, kila kubembea kukiongeza pigo kwenye mzigo uliomo, na mkono wa kushoto ulikuwa na mnyororo mmoja pungufu.

Utaratibu ni huu: simamisha, vuta hendibreki, toa hewa yote ya springi mpaka fremu ikalie vizuizi vyake, ndipo minyororo ikazwe. Asubuhi usiwashe injini kabla minyororo haijatolewa, maana matrela mengi hujiinua yenyewe hewa ikirudi, na hapo mnyororo hukatika au pete hung'oka.

Kuhusu pete, azimio la IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) namba A.581(14) la mwaka 1985 linataka gari la tani 30 hadi 40 liwe na sehemu nne za kufungia kila upande, zilizopakwa rangi inayoonekana na zinazofikika. Pete iliyofichwa na sanduku ni sawa na pete isiyokuwapo. Sanduku lilikuwa limefungwa na mchukuzi mwenyewe miaka miwili kabla, na tangu hapo kila baharia aliyepita alinyamaza.

Uchambuzi: karatasi na madai

Mkataba wa CMR wa 1956, unaosimamia usafirishaji wa mizigo wa kimataifa kwa barabara, unampunguzia mchukuzi lawama pale uharibifu unapotokana na upangaji uliofanywa na mtumaji, na hapa nafasi ya sentimita 28 ilikuwa kazi ya mtumaji. Lakini mikanda, mikeka na sakafu chafu vilikuwa upande wa mchukuzi, na kisanduku 18 kilikuwa tupu. Kama dereva angeandika mstari mmoja, kwamba hakuruhusiwa kuona upakiaji na kwamba kuna nafasi ya sentimita 14 kila upande, mazungumzo yangeanzia mahali pengine. Hasara iligawanywa. Kikomo cha fidia cha CMR, SDR 8.33 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), hakikuguswa. Chembe za plastiki hazifikii thamani hiyo. Kilichouma ni saa za foklifti, taa za jirani na mteja aliyesimamisha mtambo akisubiri.

Karatasi hizohizo ndizo zilizosaidia usiku. Dereva aliyeacha CMR ndani ya kichwa asingeweza kumwambia ofisa kama chembe nyeupe zinazomwagika sitahani zinaweza kushika moto au kuchoma ngozi, na mabaharia wasingeshuka bila jibu hilo.

Mpangilio mpya

Mchukuzi na kiwanda walikubaliana kubadilisha upangaji. Mkono wa kushoto paleti 10 zinawekwa upande wa mita 1.30 ukielekea ubavuni. Mkono wa kulia nane, upande wa mita 1.10. Upana unakuwa mita 2.40 na nafasi inabaki sentimita 8 tu. Urefu wa kushoto ni mita 11.0, wa kulia mita 10.4, na sentimita 60 za tofauti zinajazwa paleti tupu. Mtu akiona 10 kwa nane ataogopa trela kuelemea kushoto, lakini paleti za kushoto ziko karibu zaidi na mstari wa katikati, sentimita 55 dhidi ya 65, na mizani inakaribia kusawazika. Mbele zinaachwa mita 1.2 zenye kizuizi cha paleti zilizosimamishwa.

Safu za mikono miwili sasa hazilingani, kwa hiyo mkanda mmoja hauwezi kukaa katikati ya paleti zote mbili. Wanalaza kona ndefu za mita 1.2 kwenye kingo za juu, na mikanda 10 inapita juu ya kona hizo. Mikeka inawekwa na mpakiaji kabla ya kila paleti kushushwa, vipande vinne chini ya mbao zinazobeba uzito, baada ya sakafu kufagiliwa na kupulizwa kwa hewa. Kwenye eneo la kusubiri bandarini dereva anapanda na kukaza tena. Kila kikaza hukubali meno mawili au matatu zaidi, isipokuwa viwili vya nyuma kabisa, ambavyo hukubali manne.